Wanaozoa Maji

Maji yakimwagika hayazoleki.
Ndivyo isemwavyo. Mimi nalipwa kuyazoa:
forinti mwisho wa mwezi, na vipande viwili vya sabuni.

Naingia saa nne usiku.
Chekeche la chuma huwa limeshashiba:
vitambaa, nywele, meno ya bandia (mara moja tu),
pete ya ndoa ambayo hakuna aliyekuja kuiulizia,
mafuta ya nguruwe yaliyoganda kama mshumaa.
Hayo ni ya Jumatatu, baada ya karamu za Jumapili.
Najua mji wangu umekula nini.
Watu hubonyeza kitufe, wakasahau.
Kusahau kwao ndiyo kazi yangu.

Katika bwawa la tatu wamo mifugo wangu,
wadogo kuliko vumbi la unga, hawahesabiki,
wala-uchafu wasio na shukrani.
Wape pumzi, watakula.
Wanyime, watakufa, na harufu ipande mpaka kanisani.

Emőke alipokuwa darasa la pili
alikataa nimkumbatie langoni mwa shule.
Nilikuwa nimeoga mara mbili. Akasogea pembeni.
Sikumlaumu. Pua haina adabu.

Kila Jumanne Radojka hunipigia simu kutoka Senta,
ng'ambo ya mpaka, ambako Tisza hufika bila pasipoti.
Yeye huchota chupa moja, mimi huchota chupa moja.
Hatujawahi kuonana. Kihungaria chake ni tarakimu tupu:
"Amonia, sifuri nukta nne."
Kimya. Halafu: "Nzuri."
Hilo "nzuri" ndicho cheti pekee nilicho nacho.

Mwezi Mei, usiku wa mvua ya kupasua mabati,
mashine ya kupuliza hewa ilikohoa, ikanyamaza.
Mita ya oksijeni ikateremka: mbili, moja na nusu, moja.
Mkubwa wangu akajibu simu kwa sauti ya mtoni mwa usingizi:
"Fungua lango la dharura, Etelka. Mto ni mkubwa.
Mvua itasingiziwa."

Mkono wangu ulikuwa juu ya gurudumu. Sikatai.
Lilikuwa baridi, limepakwa grisi, tayari,
kama uovu wowote uliotunzwa vizuri.

Nikawaza ukingo wa udongo kule chini, nyuma ya mierebi.
Humo wamelala wadudu wa siku moja,
wale tuwaitao ua la Tisza:
miaka mitatu gizani, ndani ya matundu membamba kama penseli,
wakingoja jioni moja ya Juni.
Miaka mitatu yao,
na robo mzunguko wa mkono wangu.

Sikufungua. Usinisifu; niliogopa tu kwa namna nyingine.
Nilimwamsha Vendel, fundi umeme.
Akaja na pajama chini ya koti la mvua,
tukaifufua mashine kuukuu tuliyokuwa tukianikia makoti.
Bwawa la akiba likajaa, likabakiza upana wa kiganja.
Saa kumi na moja mita ikaanza kupanda,
na Vendel akatapika. Si harufu, aliapa, ni gongo la plamu.

Kiasi fulani kilipita. Nilikiandika kitabuni,
lita kwa lita, kwa kalamu isiyofutika.

Jumanne simu ikalia.
"Amonia, moja nukta tisa."
Kimya. Nikangoja. Hakusema nzuri.
Alisema neno ambalo sijui alijifunzia wapi:
"Mlikesha?"

Juni waliruka.
Wachache kuliko mwaka juzi, au ni macho yangu.
Darajani watu walinyanyua simu, wakapiga kelele,
mabawa yakawajaa nywelini kama makapi ya ngano.
Emőke, sasa ana miaka kumi na minne, aliegemea bega langu.
Nilikuwa na sare. Sikuwa nimeoga.
Mmoja akatua kwenye mkono wa koti langu,
akabaki hapo, akihema,
hata nilipotazama saa:
nne kasorobo.